Kitabu Nilichokipitisha Mimi

Saadani, Ijumaa, 26 Septemba 2025. Mwezi wa nne unakwisha tangu nitoke nyumbani.

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako ya jana kwenye simu niliiitikia, halafu mtandao ukakatika kabla sijasema nililokupigia. Labda ni heri. Kwa simu ningelifupisha, na jambo hili nimelifupisha kwa muda mrefu mno. Lori la chumvi linaondoka hapa alfajiri, dereva anapita Fukayosi, na ameniahidi kukupa barua hii mkononi kabla hujapanda basi la mchana. Kwa hiyo unaisoma ukiwa bado nyumbani, na mama yako yuko karibu. Ndivyo nilivyotaka.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala matumizi, wala marafiki wa kuchagua. Hayo mama yako ameshakwambia, na ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Nina jambo moja tu. Mama yako hakuwahi kwenda kwa mganga. Yale yaliyosemwa kanisani ukiwa mdogo, na ukakua nayo, si kweli. Mimi ndiye niliyeyasababisha. Kwa miaka mitatu sasa najua kwamba si kweli, na sikukwambia.

Kama ni lazima, rudia kusoma hapo, halafu uendelee. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu unakwenda chuo cha Biblia, na huko utafundishwa kupima vitabu vya watu wanaoandika habari za Mungu. Mimi baba yako niliwahi kupewa kazi hiyo hiyo, nikaiharibu.

Unajua kwamba shule niliishia kidato cha pili. Lakini pale kanisani kwetu enzi zile, mtu aliyeweza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole alihesabiwa msomi. Mchungaji akaniambia kila kitabu kitakacholetwa kipite kwangu kwanza, kabla akina mama na vijana hawajaanza kukisoma kwenye ibada za nyumbani. Nikisema kimepita, kimepita. Nikisema hakifai, kinarudi kilikotoka. Nililipenda sana neno hilo, kimepita. Nilikuwa nalisema taratibu, nikiwa nimesimama.

Kitabu chenyewe kilikuja na mhubiri mgeni kutoka Dar es Salaam. Aliacha boksi zima, jalada linang'aa, na humo ndani mambo yote yalihusu neema. Nilikaa nacho wiki mbili. Nilikuwa nachukua kalamu nyekundu, na kila nilipokuta ametaja aya ya Biblia, nafungua Biblia kuangalia kama aya hiyo ipo. Zilikuwepo zote. Nikaweka alama ya vema pembeni ya kila moja, mpaka kurasa zikawa nyekundu kama daftari la mtoto aliyefaulu. Nikasimama Jumapili nikasema kimepita.

Sikuuliza aya ile inasema nini pale ilipotolewa. Nilihakiki anwani, lakini nyumbani kwenyewe sikuingia. Kuna maneno haya, "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," mwandishi aliyarudia kila sura, akayatumia kuahidi watu nyumba na magari. Miaka mingi baadaye niliusoma waraka wote yalimotoka kwa mkupuo mmoja, nikakuta kwamba aliyeandika maneno hayo alikuwa kifungoni, na alichokuwa anasema ni kwamba amezoea njaa kama alivyozoea shibe. Mtu mwenye minyororo amefanywa dalali wa magari, na mimi nimemwekea vema.

Halafu neno lenyewe, neema. Sisi wakulima tukisema mwaka huu ni neema, tunasema ghala limejaa. Tukiwa kanisani tunasema neema ni kile ambacho Mungu anampa mtu asiyestahili chochote, kwa sababu Yesu alikufa mahali pake. Ni neno moja lenye mambo mawili ndani. Yule mwandishi alikuwa anaanza ukurasa na neema ya msalaba na kuumaliza na neema ya ghala, na mimi sikuona alipovuka. Sidhani kama na yeye aliona. Akishavuka, kila kitu kinageuka. Kama neema ni ghala, basi mwenye ghala tupu ana neno lake na Mungu.

Hata jina lako liko hivyo. Ulizaliwa mwaka ambao mahindi yalitushinda kubeba. Nilisema mtoto aitwe Neema, na mimi nilikuwa nafikiria mahindi. Mama yako alikubali upesi. Ulikuwa msichana mkubwa aliponiambia kwamba yeye alikuwa anafikiria mimba mbili zilizotoka kabla yako, na kwamba alikuwa ameshaacha kuomba. Tulikubaliana jina, lakini maana yake hatukuulizana.

Mdogo wako Danieli ulikuwa unambeba mgongoni, kwa hiyo unamkumbuka. Homa ilimshika siku chache tu. Tulimpeleka zahanati, dawa alipewa, tuliomba, na alikufa. Matanga yalipokwisha nilirudi kwenye kile kitabu, maana nilikuwa sijui pa kwenda. Kulikuwa na sura inayosema kwamba nyumba ambayo neema haikai, kuna mlango umefungwa na dhambi ya siri ya mmoja wa waliomo. Nilijichunguza mimi kwanza, kidogo, kwa haraka, nikajiona sina kitu. Nikahamia kwa mama yako.

Alikuwa anachambua mchele uani. Wewe ulikuwa umekaa naye kwenye jamvi moja. Nikamwuliza, Mama Neema, hakuna jambo ambalo hujalitubu?

Hakuinua uso. "Unaniuliza wewe," akasema, "au kinaniuliza kitabu?"

Nikasema linauliza neno la Mungu.

"Basi Mungu ataniuliza mwenyewe. Anajua ninapokaa."

Mwanangu, ningeishia hapo. Mke wangu alikuwa amenipa jibu la kiimani kuliko lolote lililokuwa kwenye kitabu kile, na mimi nikalisikia kama kiburi. Jumapili nikaomba kanisa liiombee nyumba yangu ifunguliwe, na kila mtu akaelewa nani anazungumziwa. Akina mama wakaanza kuja jioni. Walikuja kwa upendo, hilo niliseme; wengine walimlilia Danieli kama wa kwao. Lakini walikuja na kitabu, na kitabu kilikuwa na vema zangu nyekundu, na walikuwa wanamsomea ile sura. Wiki ya tatu mama yako akasema ndiyo, alikwenda kwa mganga wakati wa mimba ya Danieli.

Wakashangilia, wakaimba. Wazee wa kanisa wakamwondoa kwenye meza ya Bwana mpaka Pasaka. Alikaa benchi la nyuma miezi hiyo yote, na wewe ulikuwa unakaa naye, unauliza kwa nini hatuendi mbele. Mimi nilikuwa mbele. Nilisimama siku ile nikamshukuru Mungu kwa kuifungua nyumba yangu.

Utasema sikujua. Ni kweli sikujua. Lakini huko unakokwenda utakutana na watu wengi ambao hawakujua, na utajifunza kuwauliza kama walijaribu kujua. Mimi ningeweza kumwuliza alikwenda kwa mganga yupi, siku gani, na nani alibaki na wewe. Mwanamke yule hakuwahi kukaa nje ya nyumba yangu mchana kutwa bila mimi kujua alipo. Sikuuliza, kwa sababu jibu alilotoa lilikifanya kitabu kiwe sahihi, na kitabu kikiwa sahihi mimi nilikuwa sahihi.

Ndiyo maana nakwambia, usiogope sana kitabu unachokichukia. Ukikichukia utakisoma kwa makini. Kiogope kile ambacho ukikisoma kinakuacha wewe mzima na kumkata jirani yako.

Huku kwenye chumvi nilianza kuja wakati mvua zilipokuwa mbaya, hayo unayajua. Usichokijua ni habari ya Mzee Shomari. Ni mzee wa hapa hapa Saadani, Mwislamu, amekwangua chumvi tangu ujana wake na ulimi wake hauna likizo. Miaka mitatu iliyopita masika ilikatika mapema. Nyumbani mahindi yalikauka yakiwa magotini, unakumbuka tulivyowalishia mbuzi. Hapa majaruba ya maji ya bahari yakashika chumvi mapema kuliko miaka yote. Nyeupe mpaka macho yanauma. Asubuhi moja tunaingia na reki, Shomari akaniita mbele ya watu.

"Baba Neema! Binti yako kaja kututembelea, mbona hukutuambia? Neema tupu hapa."

Watu wakacheka. Mimi nikamjibu kwamba kwetu Fukayosi jua hilo limeua mahindi yote.

"Pole, ndugu yangu," akasema, na alisema kwa dhati. Halafu hakujizuia. "Ila jua ni hilo hilo. Au mlitaka Mungu awe na mawili? Sisi hapa tumesali nini cha kumzidi mwenzetu, na nyie huko mmemkosea nini?"

Walicheka tena, wakaanza kazi. Mimi nilibaki nimeshika reki. Alikuwa anatania tu, lakini kitabu chote kilianguka pale kwenye maji ya chumvi. Jua moja, siku moja, kwa mwenye chumvi ni neema na kwa mwenye mahindi ni njaa, na mimi nina mguu mmoja huku na mmoja kule. Kama ghala ndilo linaloonyesha nani yuko sawa na Mungu, basi mimi nilikuwa mtakatifu Saadani na mwenye dhambi Fukayosi kwa wakati mmoja. Na mama yako je? Niliwaza hivyo nikiwa nimesimama, mpaka msimamizi akauliza kama naumwa.

Niliporudi nyumbani msimu ule nilimwambia mama yako kwamba kitabu kile kilikosea. Nilidhani nampelekea zawadi. Alikuwa ananiwekea maji ya kuoga. Akaweka ndoo chini.

"Sikwenda kokote, Baba Neema."

Nikamwuliza kwa nini basi alisema alikwenda.

"Nilitaka watoke. Mtoto alikuwa hajala na wao wamekaa jikoni." Akaiinua tena ndoo. "Na ningesema nini? Wizi sikuiba, mwanamume sina. Mganga ndiye waliyekuwa wanamtafuta."

Mtoto aliyekuwa hajala ni wewe.

Nilimwahidi kwamba nitasimama kanisani niseme. Kwanza nikasema msimu wa kulima upite. Halafu mchungaji alikuwa safarini. Halafu kulikuwa na mkutano wa injili na sikutaka kuuvuruga. Hizo zote zilikuwa sababu nzuri, na nyuma yake kulikuwa na moja mbaya: nilikuwa naogopa watu waseme Baba Neema hakujua kusoma. Heshima yangu ilikuwa ndogo, hiyo ya kusema kimepita, lakini sikuwa na nyingine. Niliitunza kwa gharama ya jina la mama yako.

Halafu ikaja ile siku mliyogombana kuhusu safari ya kwaya. Mama yako alikukataza, ukamwambia asikufundishe wewe mambo ya Mungu, kwani katika nyumba hii aliyekwenda kwa mganga ni nani. Nilikuwa nyuma ya nyumba natia mpini kwenye jembe. Nilisikia kila neno, na nilikuwa nimeshajua ukweli. Nilikohoa. Hicho ndicho nilichofanya, nilikohoa. Mama yako akakwambia uepue sufuria, wali unaungua. Baadaye mkaniita, nikaja, nikaula wali ule.

Sikuandikii ili ujione mkosaji. Ulisema ulichofundishwa, na aliyekufundisha alikuwa nyuma ya nyumba na jembe mkononi. Lakini ungelijua hili ukiwa mbali, kutoka kwa mtu mwingine, ungekosa mahali pa kuliweka. Ndiyo maana nimetaka ulijue ukiwa nyumbani.

Nisije nikakufanya ufikiri kwamba baada ya pale nilipata akili. Nilipoona nimepitisha kibaya, nikaanza kukataa vyote. Mama yako alipewa kijitabu na muuguzi mmoja Mkatoliki wa Bagamoyo, cha kuwafariji waliofiwa. Nikaona picha ya jalada, nikakichukua mkononi mwake, nikasema hakitufai. Sikukifungua. Mwaka jana nilikikuta juu ya kabati nikakisoma. Kuna sehemu ya kuwaombea wafu, na mpaka leo siikubali, kwa sababu siioni kwenye Biblia na sioni msalaba ulibakiza nini. Ningesema hivyo mbele ya yule muuguzi, kwa adabu. Lakini kuna kurasa tatu za mama aliyefiwa na mtoto, na katika kurasa hizo tatu mama huyo haulizwi swali hata moja. Anaambiwa Yesu alilia kaburini. Basi. Ningemwachia mama yako kurasa hizo angalau. Badala yake alinyimwa zote kwa sababu ya jalada.

Kwa hiyo huko chuoni, watakapokupa kitabu na kukuambia ukipime, sitajifanya nina njia ya kukupa. Walimu wako wanaijua kazi hiyo. Naweza kukwambia tu ninavyosoma siku hizi, jioni, mikono ikiwa imepasuka kwa chumvi kiasi kwamba kurasa zinachafuka. Nasoma mpaka mwisho kabla sijafungua mdomo. Nikikuta aya, naenda kukaa nayo kwao, na majirani zake, sura ya mbele na ya nyuma. Nikikuta neno tunalolipenda, neema au baraka au ushindi, nauliza hapa lina maana gani, na ukurasa unaofuata nauliza tena, kwa sababu huwa linahama. Naangalia kama Yesu aliyekufa ndiye anayebeba kitabu, au ametajwa mwanzoni kama mgeni rasmi halafu hatumwoni tena. Na mwisho najaribu jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: namweka mama yako kwenye lile jamvi, siku zile baada ya matanga, na kumsomea moyoni. Kama siwezi kumsomea, sikipitishi.

Na ukikuta kosa, litaje kosa, usimle mwandishi. Yule aliyeandika kitabu cha jalada linalong'aa sijui habari zake. Huenda na yeye alikuwa na mtoto, na hakujua pa kwenda.

Vile vitabu bado vipo kanisani kwetu. Mjomba wako aliniambia vijana wameanza kuvisoma upya kwenye ibada za Jumatano, na kwamba kijana anayeongoza aliwaonyesha zile vema nyekundu akasema hiki wazee walishakihakiki. Nilipoambiwa hivyo sikulala. Kuna msichana humo amejifungua mtoto mgonjwa.

Juzi nilimpigia mama yako nikamwambia nataka kukuandikia haya kabla hujaondoka, kama ananiruhusu. Akasema, "Mwambie wewe. Ya kwako nimeyabeba vya kutosha." Nikampigia na mchungaji. Huyu wa sasa hakuwepo wakati ule. Akaniambia kwa upole kwamba hayo ni mambo ya zamani, yanaweza kuwavunja moyo waumini wachanga. Nikamwambia mke wangu si wa zamani, anakuja kanisani kila Jumapili. Akanipa nafasi baada ya matangazo.

Muda kabla ya basi unatosha kwenda kukaa na mama yako. Sikuambii useme nini. Kama neno halitoki, msaidie anachofanya.

Hapa tunafunika chumvi kwa maturubai kabla vuli haijaanza, na msimamizi ameniruhusu niondoke kazi hiyo ikiisha. Nategemea kufika Fukayosi Jumamosi tarehe 11 Oktoba, jioni. Jumapili yake nitasimama niseme kwamba kitabu kile nilikipitisha mimi na kwamba nilikosea, na kwamba mke wangu hakuwahi kwenda kwa mganga. Nitalisema hilo la pili mara mbili, ili waliokaa nyuma nao wasikie. Mama yako akitaka kusema neno, nitakaa. Asipotaka, nitatoka naye tuende nyumbani.

Baba yako.